Waliomshika Mkono Mama Yako

Mwanangu Rehema,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Hali yangu unaijua. Asubuhi tumekunywa chai jamvi moja na wewe ndiye uliyenimiminia. Nitaruka hapo. Nitaruka pia mambo ya safari: chakula cha njiani, kufuli la begi, mtu wa kukupokea Tabora. Hayo mmeshayapanga na Bi Tatu, na mimi nikitia mkono nitayavuruga tu.

Naandika jioni hii wewe ukiwa kwake unasukwa. Mama yako yuko hapa uani, amekaa kwenye kigoda, anakunja kitambaa, anakikunjua, anakikunja tena. Ni kipande cha poplini kilichobaki kwenye sare za shule. Kazi hiyo inamtuliza. Mimi kuandika kunanituliza, maana kila tukianza kuzungumza habari za mama yako, mmoja wetu hukumbuka ghafla kwamba kuna kitu jikoni.

Mengi ya haya uliyaona. Lakini uliyaona ukiwa mtoto, umesimama nyuma ya mlango, na mtoto aliyesimama nyuma ya mlango huona nusu. Sitaki uende mbali na nusu hiyo peke yake.

Mama yako alikuwa mpishi wa shughuli. Ulizaliwa ukamkuta yeye na Bi Tatu wanaitwa kuanzia Gerezani mpaka Magomeni. Harusi, maulidi, hitima. Walianza pamoja wakiwa wasichana. Bi Tatu alisimamia moto na nyama, mama yako alisimamia wali na viungo. Hakupima kitu. Alichota chumvi kwa kiganja, akaitazama kidogo, akaitupa kwenye sufuria ambayo wewe ungeweza kuogea ndani yake, basi. Watu walionja pilau wakasema, "Hii ya Zuhura," kabla hawajaambiwa nani kapika.

Miaka ile ya foleni harusi nyingi zilikuwa za chai na maandazi, na bwana harusi alihangaikia sukari kuliko mahari. Kisha biashara ikafunguliwa. Mchele ukajaa madukani, mafuta yakaja kwa madumu, na watu waliokuwa wamejibana muda mrefu wakataka harusi ambazo mtaa mzima utazisema. Mama yako na Bi Tatu wakawa hawapumziki. Mimi ndiye niliyepumzika. Mitumba iliingia kwa marobota, na nani angekuja kupimwa suruali na fundi Salum wakati hapo nje tu anachagua ya Ulaya iliyokwisha kushonwa? Cherehani yangu ilibaki kupunguza mapindo na kubana viuno.

Nikawa mume anayelishwa na mkewe. Badala ya kushukuru, nikawa na kinyongo cha kimyakimya. Nakwambia hili kwa sababu kinyongo kile ndicho kilichoniziba macho. Alipoanza kukosea, sehemu ndogo ya moyo wangu ilifurahi. Nilisema moyoni, kumbe naye anakosea. Sikujiuliza kwa nini.

Kosa la kwanza lilikuwa pilau ya harusi moja ya Gerezani. Alitia chumvi, wakazungumza kidogo, akatia tena. Mwenye shughuli alionja akaja juu, wageni wameshaanza kukaa. Bi Tatu akasimama mbele ya mama yako.

"Chumvi nimetia mimi," akasema. "Nilidhani Zuhura hajatia. Nigombeze mimi."

Wakachemsha mchele mwingine mweupe, wakauchanganya, watu wakala. Bi Tatu hakunisimulia habari hiyo hata mara moja. Niliisikia kwa yule mwenye shughuli, miaka baadaye, alipoleta suruali kupunguzwa. Bado alikuwa anaamini aliyekosea ni Bi Tatu.

Kisha siku moja mama yako alirudi kutoka sokoni ameshikwa mkono na muuza machungwa. Yule kijana akasema, "Mzee, mama kaniuliza kwao ni wapi." Mama yako akacheka, akasema wameivunja ile nyumba ya kona, ndiyo maana amepitiliza. Na kweli walikuwa wameivunja. Unakumbuka miaka ile. Unalala jirani yako ana nyumba ya vyumba sita na mnazi uani, unaamka kuna shimo na nondo. Watu waliozaliwa Kariakoo walikuwa wanasimama njia panda wanashangaa. Nikaikumbatia sababu hiyo kwa mikono miwili. Kila alipopotea nilisema mji umebadilika. Hakuwa hata na miaka hamsini, Rehema. Nilimjua mzee aliyesahau, babu yangu alisahau, lakini mwanamke ambaye nywele zake bado nyeusi, anayebeba sufuria peke yake? Nilisema mji umebadilika.

Mama Nilesh aliona kabla yangu. Wakati ule duka lake la viungo lilikuwa pale pale lilipo sasa, na mama yako alikuwa mteja wake tangu mume wa Mama Nilesh yu hai. Mama yako akaanza kwenda kununua bizari nyembamba kila siku. Asubuhi bizari, jioni bizari. Nilipofungua kabati la jikoni nikakuta vifurushi vimepangana kama matofali. Nilivibeba vyote nikaenda dukani nimekasirika.

"Mama Nilesh, mbona unamuuzia mtu kitu kile kile kila siku? Huoni?"

Hakupandisha sauti. Alivipokea, akavirudisha kwenye kopo. "Naona, fundi. Ndiyo maana sasa simwuzii. Namfungia, anaweka kwenye kikapu, anafurahi. Wewe niletee tu jioni, kesho nitamfungia hicho hicho."

"Na watu wakimwona?"

"Watu wataona mwanamke amekuja dukani. Akija namwekea kigoda, ananichambulia iliki, tunaongea. Wewe unaona haya ya nini?"

Nilikuwa naona haya, lakini sikujua bado jina la haya yenyewe. Nilimkataza mama yako kwenda dukani, akaenda hivyo hivyo, maana hakukumbuka kwamba amekatazwa.

Sasa nafika kwenye lile ambalo uliliona kwa macho yako.

Shangazi yako Mwanaidi alikuja kutoka Temeke kukaa nasi wiki mbili. Alimpenda wifi yake, usimchukie kwa hili. Alimwona anauliza swali moja mara nne, anaweka viatu ndani ya ndoo ya mchele, akalia. Kisha akaniambia, "Salum, huyu katupiwa kitu." Nikamfuata kwa mganga wake huko Mbagala. Mganga hakutaja jina. Alisema ni mtu wa karibu, anayekula naye sahani moja, anayetaka nafasi yake. Njiani kurudi wote wawili tulikuwa tunamfikiria mtu mmoja. Nani alikuwa anakula na mama yako sahani moja? Na nani sasa alikuwa anaitwa peke yake kupika harusi, kwa kuwa mwenzake hawezi?

Kesho yake Bi Tatu alikuja na uji wa mama yako kama kawaida yake. Wewe ndiye uliyemfungulia, ukamwamkia, akakuitikia marahaba na kukupa bakuli ulishike. Mimi nikatoka chumbani.

"Tatu," nikasema, "kwa sasa pumzika kidogo kuja hapa."

Akanitazama. "Nipumzike nini, shemeji? Kuja kwangu hapa si kazi."

"Nakuomba tu. Mpaka hali itengemae."

Alimwangalia Mwanaidi aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akaelewa. Bi Tatu si mtu wa kuelezwa mara mbili. Alikunja khanga yake begani, akakwambia wewe, "Mnyweshe ungali moto, mwanangu," akaondoka. Nilikuona umesimama na lile bakuli. Ulikuwa darasa la sita. Hukuniuliza kitu, na tangu siku ile kwa muda mrefu hukuniuliza kitu chochote.

Mwanaidi akarudi kwake. Nikabaki na nyumba niliyoifunga mwenyewe. Wapangaji niliwaambia mama ana presha. Majirani niliwaambia amechoka. Ndugu zake wa Bagamoyo sikuwaambia lolote. Nilifunga mlango wa mbele, nikawa natoka nje kukaa na cherehani barazani huku nimeuegemea mlango kwa mgongo, nikidhani naitunza heshima ya mke wangu. Nilikuwa naitunza yangu. Ndani mlikuwa wewe na yeye, na wewe ulikuwa mtoto.

Masika yale mvua ilinyesha kama anga imepasuka. Siku hiyo nilikwenda kutafuta vifungo mtaa wa pili, wewe uko shuleni. Niliporudi mlango uko wazi na mama yako hayupo. Upawa wake mkubwa wa shughuli, ule uliokuwa ukining'inia ukutani, nao haupo.

Nilikimbia kama mwendawazimu. Nilikwenda kwa Mama Nilesh, hakufika. Mwenyewe akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akashika njia ya sokoni na mwavuli wake. Method, mpangaji wetu fundi redio, aliacha redio ya mtu imefunguliwa mezani, akaelekea Msimbazi. Mimi nikazunguka mitaa yetu nikiita. Mtaa mzima ukajua siku hiyo nilichokuwa nakificha. Haikuniuma hata kidogo. Hilo ndilo linanishangaza mpaka leo. Kitu nilichokiogopa mwaka mzima kilitokea, nami sikukitazama hata kwa jicho moja.

Aliyempata ni Bi Tatu. Habari ilimfikia kwa watu wa mtaani, si kwangu. Alisikia neno moja tu, kwamba Zuhura ametoka na upawa, akajua. Harusi yao ya kwanza kupika wakiwa wasichana ilikuwa Magomeni. Mtu anayetoka kwetu kwenda Magomeni na upawa mkononi lazima ateremke bonde la Jangwani, na Jangwani siku ile ilikuwa bahari. Maji yalikuwa yanabeba madebe, mabati, mbuzi. Watu wamejipanga ukingoni wanatazama. Mama yako alikuwa mbele yao wote, maji yamempita magoti, anajaribu kuvuka. Watu wanampigia kelele arudi, na kadiri wanavyopiga kelele ndivyo anavyokwenda.

Bi Tatu hakumpigia kelele. Aliingia majini, akasimama ubavuni pake kama watu wawili wanaosubiri gari.

"Zuhura," akasema, "kumbe hukupata habari? Shughuli imeahirishwa."

Mama yako akageuka. "Imeahirishwa? Na nyama imeshachinjwa?"

"Bibi harusi ana homa. Wamesema wiki ijayo. Twende nyumbani tukavue nguo hizi mbichi."

"Wangetutumia mtu mapema," mama yako akalalamika, na wakarudi wakiwasema wenye shughuli njia nzima.

Ulikuwa umesharudi shule walipofika. Mama yako aliingia ndani akilalamika bado. Bi Tatu alibaki nje ya kizingiti, khanga imemgandia mwilini, anatetemeka. Nikamwambia pita. Akatikisa kichwa.

"Nimekuletea mkeo," akasema. "Ulisema nisije. Sijaja, nimemleta."

Akaenda zake kwenye mvua. Sitakueleza nililalaje siku ile.

Nilikwenda kwake asubuhi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nimeyashona vizuri, na nilipokaa kwenye mkeka wake yote yakafumuka. Nikasema tu, "Tatu, nilikudhania ubaya." Alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuuchambua mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akasema, "Najua ulichonidhania. Mtaa mzima unajua. Kuna watu hawanipi kazi zao mpaka leo kwa sababu yako." Akatoa kijiwe kwenye mchele. "Sasa nisikilize, shemeji. Msamaha wako kaa nao, siku nikiutaka nitakuja kuuchukua. Leo nataka ufunguo wa mlango wa uani. Sitaki kubisha hodi tena kwa shoga yangu."

Nikampa. Anao mpaka leo. Ule msamaha sijui kama ameshauchukua. Sijamuuliza, na nimejifunza kuishi jirani na swali hilo. Mwanangu, utakosea watu huko uendako, huwezi kukwepa. Wengine watakusamehe kwa maneno na wasirudi tena. Wengine watarudi na maneno hawatakupa. Ukipata wa namna ya pili, mfungulie mlango na usimsumbue.

Mama Nilesh ndiye aliyesema hospitali. Alituandama mpaka tukaenda wote watatu, mama yako katikati. Daktari alikuwa kijana, mpole. Alimwuliza mama yako siku gani leo, akamwambia achore saa, akamtajia vitu vitatu na baadaye kidogo akamtaka avirudie. Mama yako hakukumbuka hata kimoja, akamwambia, "Daktari, wewe nawe umevisahau ndiyo unaniuliza mimi?" Tukacheka sote. Kisha daktari akatueleza. Ugonjwa wa ubongo, unaitwa Alzeima. Wengi huwapata uzeeni. Kuna wachache huwashika mapema, na mama yako ni mmoja wao. Dawa ya kuuponya haipo. Utakwenda mbele tu.

Nilidhani mama yako hafuatilii. Alikuwa anatazama dirishani. Akauliza, taratibu kabisa, kwa sauti yake ile ya zamani ya kupanga kazi:

"Nitamsahau nani kwanza?"

Daktari akaitazama kalamu yake. Mimi nikatazama sakafu. Mama Nilesh akamshika mkono akaupapasa, akaanza kumweleza habari za iliki mpya iliyofika dukani, na mama yako akasahau kwamba ameuliza.

Sisi hatukusahau. Baadaye nilimfuata Mama Nilesh nikamuuliza, maana nilijua alimuuguza mama mkwe wake ghorofani kwake na watu wakisema bibi yule hakuwa na akili zake. Akaniambia, "Mama mkwe alinisahau mimi kwanza. Miaka yote ile nampikia, namwosha, akawa ananiuliza mimi binti wa nani. Lakini ng'ombe wa baba yake kule Gujarati aliwajua wote kwa majina. Nililia sana, fundi. Halafu nikaona, waliokuja mwisho wanatoka mwanzo. Kama watu waliopanda gari, aliyepanda mwisho yuko mlangoni."

Rehema, nilikuficha maneno hayo kwa sababu nilidhani yatakuumiza. Sasa naona ningekupa siku ile ile ulipotoka chumbani kwa mama yako ukasema, "Baba, ameniuliza mimi ni mpangaji wa chumba gani." Ulikwenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi. Ulidhani amekusahau wewe kabla ya Bi Tatu kwa kuwa amempenda Bi Tatu zaidi. Hukusema, lakini niliona unavyowatazama wakiwa pamoja. Mwanangu, wewe ulikuja mwisho. Tulikungoja muda mrefu sana, tulikuwa tumekata tamaa, ndipo ukaja. Ulikuwa mlangoni pa gari, basi. Kupenda hakumo katika hesabu hiyo.

Kuna jingine ambalo hatulisemi. Mwaka huu nimekuona ukisahau ufunguo, au jina la mtu, ukanyamaza ghafla na uso ukabadilika. Najua unachowaza. Nami nilimuuliza daktari kama mtoto hurithi. Akasema kwa waliopata mapema huwa inatokea kwa baadhi ya familia, na kwa yetu hajui. Sina neno bora kuliko hilo, na sitakudanganya, maana udanganyifu wangu umeshaigharimu nyumba hii vya kutosha. Ninachojua ni kwamba vijana wote husahau funguo. Usikae unajichungulia kila siku kama mtu anayeangalia chungu kisichochemka. Na ukiwa na hofu, mwambie mtu. Usiegemee mlango kwa mgongo kama mimi.

Umekaa hapa tangu umalize kidato cha nne. Nafasi ya kwanza ya chuo cha ualimu uliiacha ipite, nami nilijifanya sikuiona barua yake. Nilikuhitaji. Ulijua kumwogesha bila kumtisha, ulijua nyimbo zinazomfanya afumbue mdomo ale. Nilisema mwakani, mwakani. Bi Tatu ndiye aliyenitolea uvivu, mbele ya Method na mkewe wote wanasikia: "Shemeji, mmoja anaumwa, wa pili mnamzika wa nini?" Method naye akaongeza, "Mzee, kengele nilifunga mlangoni ili mama asitoke. Sikuifunga kwa ajili ya Rehema." Nilikasirika sana. Niliingia ndani nikawanunia siku mbili, kisha nikakwambia ujaze maombi upya.

Usidhani unaacha nyumba iliyotengemaa. Nyumba ya Mama Nilesh imeuzwa. Wakivunja atahamia Upanga kwa mwanawe, na mama yako atakwenda kusimama pale kwenye shimo na kikapu chake. Mke wa Method amechoka, mama yako huingia chumbani kwao na kufunua chungu chao, na siku ile alipompigia kelele hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka. Bi Tatu goti linamsumbua. Wanaotusaidia si malaika, nao wanazeeka. Nitakwenda mlango kwa mlango kuomba mkono wa mtu mwingine, na safari hii najua kuomba. Ndugu zake wa Bagamoyo nimewaambia. Mdogo wake anakuja.

Jana, unakunja nguo zako, uliniuliza kitu ambacho sikuweza kukujibu. Ulisema, "Baba, wewe umenipa radhi. Kwa mama nitaondokaje? Nitamwomba nani radhi, na yeye hanijui?" Nikasema nitafikiri. Nilikwenda barazani nikakaa, sikupata cha kufikiri.

Leo alasiri ulipotoka kwenda kusukwa, ulimbusu mkono kama unavyofanya. Alikutazama mpaka ukafunga mlango. Siku hizi huniita kaka.

"Kaka," akasema, "yule binti wa mpangaji anasafiri?"

"Kesho," nikasema. "Anakwenda kusoma."

"Mama yake yupo?"

"Yupo."

"Amemruhusu?"

Nilikuwa namenya vitunguu, nikashukuru kwamba namenya vitunguu.

"Kama hajamruhusu mlete hapa nimseme," akasema, na akakiweka kitambaa chini, jambo ambalo hafanyi. "Mtoto ana mikono mizuri vile. Ananichana nywele siumii. Mtoto kama yule humfungii ndani, kaka, ni dhambi. Angekuwa wangu ningemwambia, nenda mwanangu, radhi yangu iwe mbele yako na nyuma yako, na usigeuke geuke njiani. Mwambie hivyo. Akisahau mama yake kumwambia, mwambie wewe."

Nikasema, "Nitamwambia."

Akaokota kitambaa chake akaendelea kukunja.

Basi ndiyo hiyo, Rehema. Nimekwambia.

Mimi baba yako,
Salum